Nani Aliitikia Hodi?

Nta ilikuwa inatokota. Winarsih alikuwa ameinyanyua sufuria kwa mikono miwili, juu kabisa ya kompyuta ya mumewe, na mvuke ulishaanza kuitia ukungu ile skrini yenye mstari mmoja uliomtoa akili: SEKAR, RUHUSU, MILANGO YOTE, DAIMA.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita. Mikono yake imechoka, wasomaji wangu, kwa hiyo tusimcheleweshe.

"Weka chini hiyo nta!"

Ni Jatmiko, mume mwenyewe, kasimama mlangoni anahema. Lakini Winarsih hakuisikia sauti. Aliliona shati. Mume alikuwa amevaa shati jipya, la kijani kibichi, ambalo yeye mkewe hajapata kulitia machoni.

"Shati la nani hilo?"

"Langu! Nimelichukua kwa mshonaji sasa hivi, nikalivaa hapa barazani kulijaribu. La maonyesho ya Alhamisi kule Rembang. Winarsih, nta."

"Alhamisi nani mwingine anakwenda?"

"Watu wa batiki wa wilaya nzima wanakwenda."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Sekar!"

Hapo Jatmiko akafanya jambo ambalo mume hafanyi mbele ya mke mwenye sufuria. Akacheka.

Sufuria ikainama. Tone likaanguka mezani, tss, likaganda kando ya kompyuta.

"Mas Jatmiko," Winarsih alisema polepole, na mke wa Lasem akilitamka Mas kwa upole wa namna ile, mume mwenye busara hutafuta mlango. "Miaka kumi na moja nakuita Mas kwa heshima zote. Leo nimefungua kompyuta yako, nimekuta umeandika mwenyewe kwa vidole vyako: Sekar aruhusiwe, milango yote, daima. Mimi mkeo nikitaka kuingia chumba hiki napiga hodi, eti unachora. Yeye daima!"

"Sekar ni mashine."

"Ehee. Mashine yenye nywele mpaka kiunoni."

"Ile pale!" Jatmiko alinyoosha kidole pembeni, kwenye skana, lile sanduku bapa analolaza vitambaa vyake juu yake. "Nikiweka kitambaa, inakipiga picha, inaileta humu kwenye kompyuta kwa hewa. Siku ya kwanza niliilaza nguo ya maua. Ua si ndiyo sekar? Hata mtoto anajua. Nikaiita Sekar, basi."

"Kwa nini hukuiita Winarsih?"

"Kwa sababu hiyo ukiizima inanyamaza."

Mwanaume huyu, wasomaji wangu, alikuwa anakitafuta kifo kwa tochi.

Lakini Winarsih hakumwaga. Mtu mwenye wivu hataki kummaliza mtuhumiwa kabla hajakiri. Akaitua sufuria juu ya jiko dogo la mafuta lililokuwa pale pembeni, moto ukiwa unawaka, akashika kiuno.

"Ng'ambo ya mto yupo nani?"

Jatmiko anamjua. Ng'ambo ya mto yupo Sekarini, mwenye kiwanda chake cha batiki, mwanamke aliyewahi kuposwa na Jatmiko kabla Winarsih hajatokea. Waliomzoea wanamkata jina. Wanamwita Sekar.

"Na Jumatatu Lastri kanitumia picha gani?"

Hilo nalo analijua. Lastri ni shoga wa Winarsih tangu utotoni, ameolewa Tuban. Jumatatu alituma picha kwenye simu: michoro mitatu ya Jatmiko, ambayo haijatiwa hata rangi, imeanikwa kwenye kamba inayosemekana ni ya Sekarini. Michoro ile ilikuwa katika sehemu mbili tu duniani. Ndani ya kompyuta hii, na kwenye nguo kubwa iliyofungiwa ua wa nyuma, ambayo wanawake kumi na wawili wameinamia kwa miezi minane kwa kalamu za nta, mpaka migongo imepinda.

Sekarini akiitoa michoro ile Alhamisi, nguo ya miezi minane itaitwa nakala. Na wanawake wa ua wa nyuma wameshaanza kunong'ona kwamba bwana anampelekea mchumba wa zamani. Asubuhi ile watatu hawakuwasha majiko yao.

"Nikikuta ni wewe," Winarsih alisema, "Alhamisi hiyo hiyo narudi kwa mama yangu. Shati ubaki nalo."

"Na ukikuta si mimi?"

Winarsih hakuwa amelifikiria hilo.

"Mlete fundi," Jatmiko akasema. "Aifungue hii kompyuta mpaka utumbo."

"Nitamleta. Na nitamchagua mimi. Mwanamke. Mzee."

Akatoka mbio, akamwacha mumewe amekaa peke yake mbele ya kompyuta, anapaka machicha ya kahawa kwenye sigara kwa ncha ya njiti, mistari na maua, kama wanaume wetu wanavyofanya wakiwa na mawazo. Sigara ile hakuiwasha.

*

Fundi alikuwa Bu Harmi wa sokoni, mama mnene mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta kinachopakana na muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Alikuja na tempe yake ya kukaanga kwenye karatasi, na jasho la saa nane mchana. Akamwondoa Jatmiko kwenye kiti, akajifuta uso kwa leso, akaitundika leso ile kwenye ukingo wa juu wa skrini ikauke, kama anavyofanya kwa kila mteja, kisha akatafuna kimya akisoma.

"Nani kauandika huu upuuzi?"

"Upuuzi upi?" Winarsih alisogea kwa hamu.

"Huu wa Sekar. Kwenye ukuta wa moto."

"Moto uko wapi?" Winarsih akaligeukia jiko. Nyumba yenye nta haipendi kulisikia neno hilo.

"Hakuna moto, mwanangu, ni jina tu. Ni mlinzi wa kompyuta. Kompyuta hii ina milango zaidi ya elfu sitini na tano."

"Chumba hiki kina mmoja na umenishinda."

"Sikiliza. Kila anayekuja kutoka nje, kwenye mtandao, anapiga hodi kwenye mlango wake. Mlinzi ana karatasi ya kanuni. Anauliza, nani wewe, unataka mlango upi, unatoka wapi. Kisha anatazama karatasi: huyu apite, huyu azuiwe. Asiyetajwa, arudi kwao. Ndiyo habari nzima. Sasa nani kamwambia mlinzi kwamba Sekar apite milango yote?"

"Mimi," alisema Jatmiko. "Skana ilikuwa haifiki. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile, ikagoma. Mwisho nikasema ruhusu kila kitu, ikafanya kazi."

"Mkarimu wewe. Mgeni anaomba maji, unampa ufunguo wa chumba cha kulala."

Winarsih akakohoa kikohozi kirefu.

"Mashine hii inahitaji mlango mmoja," Bu Harmi aliendelea, vidole vikikimbia. "Na inatoka humu humu ndani ya nyumba. Kwa hiyo tunaandika: mlango mmoja, nyumbani tu. Mwingine akija kutoka nje akajiita Sekar, hapiti."

"Mfute kabisa!"

"Nikimfuta, mumeo hana kazi."

"Basi mbadilishe jina."

Bu Harmi akamtazama Jatmiko. Jatmiko akainua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. "Iite atakavyo yeye."

Basi ule mstari ukasomeka hivi: WINARSIH, RUHUSU, MLANGO MMOJA, NYUMBANI TU.

Winarsih akausoma. Akausoma tena. Uso ukaanza kubadilika.

"Mmoja tu?"

"Mmoja unatosha," alisema Bu Harmi.

"Sekar alipewa yote. Mimi napewa mmoja? Tena nyumbani tu?"

"Yaa Rabi," alisema Jatmiko.

*

"Sasa tulisome daftari," Bu Harmi alisema, akaipangusa mikono mafuta. "Mlinzi mzuri anaandika kila aliyepiga hodi."

Mistari ikamiminika. Kumi, mia, mia nne.

"Wote hawa ni wanawake?" Winarsih aliuliza.

"Hawa ni mashine za wezi, mwanangu. Zinazunguka dunia nzima zikijaribu vitasa. Hazimjui mumeo, wala hazina haja naye. Tazama neno la mwisho: kazuiwa, kazuiwa, kazuiwa. Hakuna hata mmoja aliyeingia."

Jatmiko akashusha pumzi. Akaketi juu ya marobota ya kitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akatabasamu, na Winarsih, tusimfiche, alilipenda tabasamu lile akalichukia kwa pamoja.

"Umeona?" alisema Jatmiko. "Hakuna mtu aliyeingia."

Lakini Bu Harmi alikuwa ameacha kutafuna.

"Kuingia, hapana," alisema.

"Kwani?"

"Kuna kinachotoka."

Alionyesha kwa kidole. Kila robo saa, bila kukosa, kuna mzigo uliokuwa unaondoka kwenye kompyuta ile kwenda nje. Mkubwa. Mkubwa wa kubeba picha. Saa saba na robo. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro robo.

"Mlinzi kalala?" Winarsih aliuliza.

"Hakulala. Mlinzi huyu anawauliza wanaoingia. Wanaotoka hawaulizi, mpaka umwagize. Mwenye nyumba akitoka mwenyewe na furushi kichwani, mlinzi atamshika kwa lipi? Anamwambia tu safari njema. Na akirudi na mgeni aliyemfuata, mgeni anapita naye."

Basi ni mtu wa ndani.

Winarsih alimgeukia mumewe, na safari hii hakuanza na kelele. Hilo ndilo lililotisha.

"Ndani ya nyumba hii, anayeijua michoro hiyo ni nani?"

"Winarsih..."

"Anayekaa kiti hicho kutwa nzima ni nani? Mimi nalinda wanaoingia, kumbe mwenyewe unatoka! Unamfuata! Kila robo saa, Mas? Hata adhana haiiti mara nyingi hivyo!"

"Naapa."

"Usiape. Umevaa shati lake."

"Ni la mshonaji!"

"Kelele," alisema Bu Harmi. "Nyote wawili. Anayetoka humu si mtu. Ni programu. Na programu ina jina. Tumuulize mlinzi, anayetoka na furushi kila robo saa ni nani?"

Akafungua orodha nyingine, ya programu zinazotumia mtandao saa ile ile. Ikashuka, ikashuka. Ikasimama.

KALENDA YA SIKU NJEMA.

Jatmiko akacheka kwa mshangao. "Hiyo? Hiyo ni kalenda tu! Wanawake wote wa ua wa nyuma wanaisoma asubuhi. Leo ni Legi au Kliwon katika siku zetu za soko, siku nzuri ya kutia rangi au mbaya. Juzi tumeacha kutia nyekundu kwa sababu ilisema siku nzito. Nani atathubutu kuifunga?"

"Ndiyo maana waliivalisha vazi hilo," alisema Bu Harmi. "Kalenda inayojua siku za miaka mia, ina haja gani ya kutoka nje kila robo saa kwenda kuuliza leo ni lini?"

Winarsih alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Hapa, wasomaji wangu, niwaambie jambo alilolijua Winarsih peke yake.

Miezi miwili nyuma Lastri alikuja kumtembelea. Walikaa jikoni wakichambua mchicha, na Winarsih akamlilia shoga yake kwamba mume anajifungia, haonekani, labda ni Sekarini. Lastri akafungua mkoba, akatoa flashi ndogo nyekundu. "Juu ni kalenda, chini ni jicho," alisema. "Ipachike kwenye kompyuta yake. Kila anachofanya utakiona kwenye simu yako. Mwanaume ni nyumba, shoga. Usipochungulia wewe, atachungulia mwingine."

Winarsih akaipachika. Kikatokea kijisanduku katikati ya skrini kikiuliza kwa adabu: kalenda hii inaomba kupita, niiruhusu au niizuie? Na chini yake viboksi viwili, nyumbani na hadharani. Alitia vema vyote viwili. Akabonyeza RUHUSU.

Wiki mbili alichungulia. Aliona ndege, majani, na mume anayepiga miayo. Kisha simu ikaacha kuonyesha. Lastri akamwambia, "Basi shoga, mtambo umekufa, achana nao." Akaachana nao.

Mtambo haukufa. Ulibadilisha wa kumtumikia.

*

"Mashine inakumbuka kalenda hii iliruhusiwa lini," Bu Harmi alisema, akasogeza uso karibu na skrini. "Jumanne. Kliwon, tena. Saa nne asubuhi. Nani alikuwa humu Jumanne Kliwon saa nne asubuhi?"

Winarsih akaanza kulikwangua lile tone la nta lililoganda mezani.

"Mimi nilikwenda Semarang siku ile, kuchukua kitambaa," alisema Jatmiko, akihesabu kwa vidole. Akasimama. Akafikiri. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini niliondoka saa nne hiyo hiyo. Labda niliibonyeza nikiwa na haraka. Ndiyo, itakuwa mimi. Mmeona tabia yangu, naruhusu kila kitu. Bu Harmi, ni mimi."

"Una hakika?"

"Nani mwingine? Mke wangu kabla ya leo hajapata kuigusa hii kompyuta, anaona kinyaa kwa sababu ya wivu."

Neno hilo lilimwingia Winarsih kama sindano.

Jatmiko alikuwa ameshaanza kwenda mlangoni. Alikuwa analiweka shati lake sawa kama mtu anayekwenda mbele ya hakimu. "Nakwenda ua wa nyuma kuwaambia. Michoro imetoka kwa uzembe wangu. Wakitaka kuondoka, waondoke kwa kosa nililolifanya. Wasiondoke kwa uzinzi ambao sijaufanya."

Hatua moja. Ya pili. Mkono kwenye komeo.

Angenyamaza, yangeisha. Mume angebeba, naye angebaki mke aliyedhulumiwa, mwenye haki zake zote mkononi.

"Mas," alisema Winarsih. "Rudi."

"Nini tena? Shati?"

"Mimi ndiye niliyesema karibu."

Jatmiko akageuka.

"Kalenda niliiweka mimi. Ilipiga hodi, nikaitikia. Nilitaka kukuona."

"Kuniona? Nipo hapa kila siku."

"Kumwona Sekar."

Jatmiko akaliachia komeo. Nje, kwenye ua wa nyuma, mtu alikuwa anaimba huku anasugua sufuria.

"Ukamwona?"

"Nimeona sanduku la kulazia nguo."

Jatmiko hakucheka. Wala hakupiga ukelele, na Winarsih angependa apige. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. "Miezi minane," alisema polepole. "Bibi Ngatemi wa ua wa nyuma macho yameanza kuona ukungu kwa ajili ya ile nguo. Na nani alikupa hiyo kalenda?"

"Kwanza tufunge," Bu Harmi alikatiza. "Mtakutana kwa mashehe baadaye. Kila robo saa inatoka, na imebaki dakika tatu. Njoo wewe mwenyewe, mwanangu. Aliyefungua ndiye afunge."

Winarsih akaketi. Kiti kilikuwa bado na joto la Bu Harmi.

"Kanuni mpya. Ya wanaotoka, siyo ya wanaoingia. Hapo. Chagua programu. Kalenda, ehe. Mlango upi?"

"Yote," Winarsih alisema.

"Sasa umejifunza pa kuwa na mkono wazi. Kwenda wapi?"

"Popote."

"Kitendo?"

Maneno mawili yakamtazama kutoka kwenye skrini. Lile la kwanza alishalijua.

"Na ile ruhusa niliyotoa zamani? Haitaiponya kalenda?"

"Kanuni mbili zikigombana, moja inasema ruhusu na nyingine inasema zuia, mlinzi huyu anaisikiliza ya zuia. Ile ya zamani tutaifuta baadaye. Bonyeza."

Akabonyeza.

Saa tisa kasoro robo ikafika. Katika daftari ukatokea mstari: kalenda, kutoka, kazuiwa. Wa pili. Wa tatu.

"Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu akaenda zake," alisema Winarsih kwa sauti ndogo.

Wa nne. Wa tisa. Wa ishirini. Mistari ilishuka kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi na mateke. Thelathini. Arobaini.

"Huyu hana adabu," alisema Bu Harmi, akachukua kipande cha mwisho cha tempe. "Huyu kazoea."

Na hapo simu ya Winarsih ikalia.

Wote watatu wakaitazama mezani. Jina lilikuwa linamulika: LASTRI. Jatmiko hakujua kitu bado. Alifikiri ni umbeya wa kila siku. Bu Harmi alimtazama Winarsih usoni, akaelewa nusu. Akaashiria kwa kidole: weka sauti ya juu.

"Shoga!" Sauti ya Lastri ilikuwa tamu kama sharubati. "Kwenu umeme umekatika?"

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao.

"Umeme upo," alisema Winarsih.

"Upo? Aa. Nilidhani. Maana muda mrefu naona giza tu, na sasa hata giza hakuna." Akacheka, akajikohoza. "Mawingu, nasema. Naona giza la mawingu upande wenu. Mas yuko wapi?"

"Kwa nini unamuuliza?"

"Jamani, nauliza tu! Nisimuulize shemeji? Kapendeza mwenzio leo. Kijani kinamkaa. Ila mwambie Alhamisi asifunge kifungo cha juu, anakuwa kama karani."

Mkono wa Jatmiko ulipanda wenyewe mpaka shingoni. Kifungo cha juu kilikuwa kimefungwa.

Shati lile halijamaliza saa mbili tangu litoke kwa mshonaji. Halijavuka geti likiwa mwilini. Aliyeliona ni mshonaji, mke, na fundi. Na Lastri anakaa Tuban.

Bu Harmi akainua mkono taratibu, akaiondoa leso yake ya jasho juu ya skrini. Chini yake lilikuwepo jicho dogo jeusi la kamera, ambalo mchana kutwa hakuna aliyelitazama, na lenyewe lilikuwa linawatazama mpaka leso ilipolifunika.

Kwa hiyo miezi miwili yote Lastri alikuwa akitazama. Si michoro peke yake, ambayo huenda aliianika kwenye kamba yake mwenyewe akaiita ya Sekarini. Mume wake, akichora, akipiga miayo, akivua shati kwa joto la mchana. Winarsih alikuwa amelionea wivu sanduku la bati, na mwanamke mwenyewe amechambua naye mchicha.

"Lastri," alisema, na sasa ulikuwa ule upole wenyewe, ule wa kutafutiwa mlango. "Uko wapi saa hizi?"

"Si ndiyo nilitaka nikushtue! Nimekuja Lasem. Niko hapa kwenu, nje."

Simu ikakatika. Na getini mtu akaita kwa sauti tamu.

"Hodi!"

Jatmiko alikuwa ameanza kuelewa, rangi ikimtoka usoni.

"Hodi, wenyewe!"

Bu Harmi akasogeza kiti chake ukutani.

"Hodi jamani, mara ya tatu hii, niondoke?"

Winarsih akasimama. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda pembeni, kwenye jiko dogo la mafuta ambalo hakuna aliyekumbuka kulizima. Nta ilikuwa inatokota.

"Karibu, shoga," akaitikia, na akainyanyua sufuria.